Betri Moja Moja

Kwa miaka kumi na sita mama alibadilisha betri za kompyuta ya baba, na katika miaka hiyo yote hakuifunua hata siku moja. Alizibadilisha kila baada ya miezi mitatu, moja moja, kama alivyoelekezwa: anatoa ya kushoto, anaweka mpya, anangoja kidogo, ndipo anatoa ya kulia. Kisha anaizungushia kitenge, anairudisha ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo analisukuma mvunguni mwa kitanda, nyuma ya mbegu za maharage. Sisi watoto wake watano hatukujua. Mimi nilijua kiangazi kilichopita, tena kwa bahati tu, nikitafuta mbegu.

Nilikuwa nimekwenda nyumbani, Kibimba, kumsaidia kupura maharage. Mavuno yalikuwa mazuri na makapi yalikuwa yamefunika uwanja hadi mlangoni. Mama alinituma ndani nikachukue kopo la mbegu za mwaka juzi, tulinganishe punje. "Lile lenye kutu mfunikoni," alisema. Mvunguni kulikuwa na makopo mawili, yote yana kutu mfunikoni. Nililovuta kwanza lilikuwa jepesi mno kuwa la mbegu. Ndani mlikuwa na pakiti mbili za betri ndogo, zile za rimoti, hazijafunguliwa, na kitenge cha zamani kilichozungushiwa kitu bapa, ukubwa wa kitabu cha sala.

Niliijua kabla sijafungua kitenge. Mkono ulikuwa bado unakumbuka uzito wake.

Nilitoka nayo nje. Mama alikuwa ameinua fimbo ya kupuria. Aliishusha polepole bila kupiga.

"Rudisha."

"Mama, hii si ya baba?"

"Nimesema rudisha ulikoitoa. Mbegu ziko kopo la pili. Nilikutuma mbegu au nilikutuma kupekua?"

"Sisi tulidhani ilipotelea hospitali."

"Nani aliwaambia? Mimi sikuwaambia."

Kweli, hakutuambia. Mama hasemi uongo. Huwaacha watu wadhani wanavyotaka, kisha anaendelea na kazi zake. Nilirudisha kopo mvunguni, lakini mchana ule wote nilipura maharage vibaya, na aliniambia hivyo.

Nieleze kwanza kitu chenyewe, maana siku hizi ni wachache wanaokifahamu. Ilikuwa kompyuta kamili iliyoingia mfuko wa shati. Ukiifunua, upande wa juu una kioo na upande wa chini una vitufe vya herufi zote, kila kimoja kama punje ya harage. Kioo chake kilikuwa cha kijivu kinachoelekea kijani, hakina mwanga wake chenyewe, kwa hiyo usingeweza kusoma kitu bila kukaa mahali penye jua. Ilitumia betri mbili ndogo, na ya tatu bapa kama ya saa ya mkononi. Zile mbili ndizo zilizoiendesha. Ile bapa ilishika kumbukumbu wakati unabadilisha zile mbili. Zikiisha zote tatu kwa pamoja, kila ulichoandika kinafutika. Baba alitueleza hayo mara nyingi hata tukayajua kama Baba Yetu.

Baba alikuwa wakala wa forodha Rusumo. Aliandaa nyaraka za malori yanayovuka daraja kwenda Rwanda na za yale yanayorudi, na nyaraka zikikwama alikaa na madereva kungoja. Kompyuta aliipata wakati makambi ya wakimbizi yanafungwa na watu wa mashirika ya misaada wanafunga virago. Mzungu mmoja, ambaye mizigo yake baba aliihangaikia siku nne hadi ikapita, aliitoa mfukoni na kumwachia mezani. Baba alituambia kwamba wiki nzima hakuigusa, akidhani mwenyewe angeirudia.

Nilifika kazini kwake mara chache nikiwa mwanafunzi. Kulikuwa na chumba kimoja cha mawakala wanne, dirisha moja linalotazama daraja, na unyevu wa maporomoko ulioacha karatasi zote zimelegea. Madereva waliingia bila kubisha. Nakumbuka mmoja, mtu mnene, aliinama juu ya meza ya baba akakodolea kile kioo.

"Mzee, hiyo kalkuleta yako inashika mpira?"

"Inashika maneno ya madereva," baba alisema. "Kwa hiyo chunga mdomo."

Wakala mwenzake akadakia: "Muache mwenzetu, ananyonyesha. Mke kamuacha Kibimba, mtoto anaye mfukoni."

"Na huyu haombi hela ya daftari," baba alisema, na chumba kizima kikacheka, mimi mwenye madaftari nikiwemo.

Jumamosi alirudi nyumbani, lifti ya lori hadi njia panda, kisha baiskeli. Alioga, akanywa chai, akaweka kiti mlangoni. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja jua liliingia mlango ule moja kwa moja, na hayo ndiyo yalikuwa masaa ya kompyuta. Aliandika kwa vidole gumba viwili. Vitufe vililia taratibu, kama mtu anayedondosha maharage machache machache kwenye ungo. Aliandika barua, majina ya miche aliyopanda na mwaka wake, nani alikopeshwa jembe, nani alibatizwa. Kila mtoto alikuwa na kitufe chake ambacho Jumamosi aliruhusiwa kukibonyeza neno likihitaji. Mimi ni wa nne, na herufi nzuri zilikuwa zimeshachukuliwa na wakubwa. Nilipewa kile kitufe kirefu cha chini ambacho hakiandiki chochote, kinatenganisha tu maneno. Nililia. Baba alinikalisha gotini akaandika mstari mzima bila kukitumia, akanionyesha.

"Unaona? Bila wewe wanagongana wote."

Nimekaa na watu wengi waliotaka kunifariji tangu siku ile. Hakuna aliyeiweza kazi hiyo kwa haraka namna ile.

Sasa nimtaje bibi, mama mzaa mama, kwa sababu kompyuta hii ilikuwa imebeba kitu chake.

Wazazi wa mama walikuwa wafugaji wa Kisukuma. Walitoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wao wakatembea kuelekea magharibi kutafuta malisho, hadi Biharamulo, na huko ndiko mama alikozaliwa. Alipoolewa Ngara pande zote mbili zilicheka. Ndugu za baba walisema ameleta mwanamke anayejua kukamua na asiyejua kumenya ndizi. Ndugu za mama walisema binti yao ameolewa na watu wanaofuga migomba. Babu alipofariki, mama alimleta bibi Kibimba, na baba akamjengea kijumba chake nyuma ya migomba, hatua kumi kutoka nyumba kubwa. Hakingeweza kuwa karibu zaidi, kwa sababu ya heshima ya mkwe. Baba na bibi hawakukaa uso kwa uso, hawakula pamoja, na hawakuulizana jambo moja kwa moja. Wakikutana njiani, baba aliingia kando kwenye maharage hadi bibi apite. Neno lolote kati yao lilipitia kwa mama.

Katika ile safari ya ng'ombe walilala njiani mara kumi na saba. Bibi alikuwa msichana mwenye mtoto mmoja, wa kike, aliyekuwa ndio kwanza anaanza kutembea. Usiku wa tisa mtoto alifariki kwa homa. Walimzika alfajiri, kabla ng'ombe hawajaondoka, kwa sababu mahali pale hapakuwa na majani ya kuwaweka siku ya pili. Bibi alikuwa na jiwe lake dogo la kusagia, lile la mkononi, lililolika upande mmoja. Aliliweka juu ya kaburi, akamwambia mtoto, "Tutarudi." Hawakurudi. Ng'ombe waliendelea mbele, kisha wakaja watoto wengine, mama akiwa wa kwanza wao, kisha uzee.

Bibi alikuwa na ombi moja tu kwa mama, na alilirudia kila mwaka baada ya mavuno: mmoja wetu apite pale amsalimie yule mtoto, kwa sababu aliambiwa watu watarudi. Baba alikubali. Alisema tutakodi gari kiangazi kinachokuja, lakini kwanza njia iandikwe, maana vituo vile havikuwa na majina ya ramani. Vilikuwa na majina waliyopeana wachunga ng'ombe, na kati ya watu waliotembea safari ile alikuwa amebaki bibi peke yake.

Iliandikwa Jumamosi moja, na mimi nilikuwepo. Baba alikaa kitini pake mlangoni, uso nje. Bibi alikaa ndani, kwenye mkeka, amempa baba mgongo, ungo mapajani. Mama alikaa katikati yao, ameegemea ukuta. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Bibi aliweka punje ya harage kwenye ungo kwa kila usiku mmoja, akasema jina la mahali na alama zake kwa Kisukuma. Mama akageuza kwa Kiswahili. Baba akabonyeza.

Kabla hajaanza bibi alisema jambo, na mama akaligeuza kwa sauti ndogo: "Anasema atasema mara moja tu. Anasema huyu mtoto hatamzika mara mbili."

"Mwambie mara moja inatosha," baba alisema kuelekea uwanjani. "Ikishaingia humu haitoki."

Punje zilipofika saba nilitumwa maji. Niliporudi zilikuwa kumi na moja, mama alikuwa anajifuta uso kwa upande wa khanga, na baba alikuwa ameacha kubonyeza, anangoja, anatazama baiskeli yake. Zilipofika kumi na saba bibi alizimimina punje zote mkononi akazirudisha kwenye debe na nyingine.

Kiangazi kilichofuata baba alikuwa amelazwa hospitali. Hakutoka.

Hayo niliyajua. Ya kopo sikuyajua, na mama alichukua siku mbili kunieleza, kidogo asubuhi, kidogo jioni, mikono ikiwa kazini muda wote.

Siku za mwisho hospitalini baba alimkabidhi kompyuta akamwambia, "Usiiache izimike. Betri moja moja. Nikitoka nitamalizia." Mama aliyashika maneno hayo yote isipokuwa ya mwisho, ambayo aliyaona ni ya mgonjwa. Alinunua betri Ngara mjini kila alipokwenda sokoni. Ile bapa aliipeleka mara tatu kwa fundi saa wa karibu na stendi.

"Akaniuliza, mama, hii saa ya nani kubwa hivi? Nikamwambia, ya marehemu. Akataka kuifunua. Nikamwambia, fundi, nimekuletea mgongo, uso niachie mwenyewe."

"Na wewe kwa nini hukuifunua?"

"Ningefunua nini? Nilikuwa najua kilichomo. Njia ya mama yangu imo. Nani anafungua mzigo ambao hajafika nao?"

Hilo lilikuwa jibu la asubuhi ya kwanza. Jibu la kweli lilikuja jioni ya pili. Mwaka wa tatu baada ya baba kufariki, mvua zilikata barabara na duka la Kibimba likaishiwa betri. Mama alifanya kile ambacho nyumba zote hapa hufanya kwa betri za redio na tochi: alizitoa zote mbili akazianika juani, juu ya bati la jiko, zipate nguvu. Zilikaa pale tangu asubuhi. Jua lilipofika utosini ndipo alipokumbuka neno "moja moja".

"Nilikimbia, mwanangu, hata jembe nililiacha limelala shambani. Nikazirudisha. Nikakaa chini. Nikasema, basi, nimemzika mara ya pili."

Wakati huo bibi alikuwa bado hai, hatua kumi kutoka pale. Mama angeweza kwenda kumwambia arudie. Hakwenda. Bibi alikuwa amesema mara moja tu, na mama hakuwa na uso wa kumwambia kwamba maneno yale aliyaanika juani. Baada ya mwaka mmoja bibi alifariki. Ombi lake la mwisho lilikuwa lile lile.

"Na betri ukaendelea kubadilisha."

"Ilimradi sijaifunua, wamo," mama alisema. "Nikifunua, huenda hawamo."

Nilimuuliza yeye mwenyewe anakumbuka nini, maana yeye ndiye aliyetafsiri. Alitikisa kichwa. Anakumbuka usiku wa kwanza, wa pili, na wa mwisho. Mkalimani, alisema, ni kama mfereji: maji yanapita, wenyewe haunywi.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, bila mimi kuomba, alikwenda ndani akarudi na kopo. Aliweka kiti mlangoni. Yeye akakaa ndani kwenye mkeka, akanipa mgongo, akavuta ungo wa maharage.

"Haya. Soma polepole. Kama hakuna kitu, usiseme. Funga tu, nitasikia."

Nilifunua. Bawaba ililia vilevile. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia na kioo kikatoa rangi yake ya kijivu, na jua la mlangoni likakisoma kabla yangu. Nilichokiona kwanza kilikuwa kalenda, na kalenda ilikosea kwa miaka mingi. Nilichokiona cha pili kilikuwa faili moja tu. Nilikumbuka safu nzima: barua, miche, ubatizo, majembe. Vyote havikuwepo.

"Imefutika?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Kuna faili moja."

"Linaitwaje?"

"Ng'ombe."

Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

Nililifungua. Lilikuwa na namba moja hadi kumi na saba, kila namba mstari wake. Nikasoma. Moja, Mto wa Mchanga, mikuyu miwili kushoto. Mbili, Penye Chumvi. Tatu, Miiba Mitatu, maji yako mbali. Nne haikuwa na kitu. Tano, Kwa Mganga Kipofu. Sita haikuwa na kitu. Saba, bonde la nyasi ndefu, ng'ombe walishiba. Nane, Mlima Mgongo. Kwa jumla, namba tupu zilikuwa sita kati ya kumi na saba. Ya tisa haikuwa tupu. Niliisoma mara mbili kimya, kisha kwa sauti.

"Tisa. Kisima cha Nyuki, au Kwa Mfinyanzi? Mama watoto amuulize mama yake."

Kuku aliingia kwenye makapi akaanza kuparua, na hakuna aliyemfukuza.

"Hivyo sivyo alivyoandika," mama alisema hatimaye. "Siku ile hapakuwa na kuuliza. Mama alisema moja. Mimi nilisema moja. Yeye aliandika moja."

Alisema kweli. Nami nilibaki na maswali mawili: kama jua la bati lilifuta kila kitu, faili hili lilitoka wapi? Na kama halikufuta, barua na miche viko wapi?

Jibu lilikuwa kwenye kalenda iliyokosea. Mashine ile ikifa kabisa kisha ikapata betri, huanza kuhesabu upya kutoka tarehe mosi Januari ya mwaka ilipotengenezwa. Baba alitueleza na hilo. Kwa hiyo ukijua imehesabu siku ngapi tangu ile tarehe mosi, unazirudisha nyuma kuanzia leo na unaifikia siku ilipokufa. Mama ana kalenda za parokia zote, mwaka juu ya mwaka, kwenye msumari mmoja ukutani. Nilizishusha nikahesabu kwa kalamu. Kila baada ya miezi mitatu kulikuwa na kiduara kidogo kwenye tarehe. Kwa miaka yote nilipokuwa naviona viduara hivyo nilidhani ni zamu za jumuiya. Mwaka wa tatu kulikuwa na msalaba mmoja. Hakuniambia ni wa nini, sikuhitaji kuuliza.

Hesabu yangu iliupita msalaba: siku ile ya bati, betri bapa ilikuwa imeshika. Iliendelea kurudi nyuma miaka mitatu zaidi, ikasimama siku ya Jumanne, siku kumi na moja kabla ya baba kufariki. Saa ya namna ile inaweza kupoteza muda, basi niliweka siku moja mbele na siku moja nyuma. Haikubadilisha kitu. Baba alikuwa kitandani hospitalini.

"Jumanne," mama alisema, "ndiyo niliyompelekea betri. Alinituma. Alisema zimeisha tangu wiki ile nyingine. Nilimpelekea na uji."

Kompyuta ilikuwa imelala mfukoni mwa koti lake, wodini, hadi zote tatu zikaisha. Aliweka betri mpya, akawasha, akakuta hakuna kitu, na hakusema. Akaanza kuandika upya alichokumbuka. Mashine huandika tarehe faili lilipoguswa mara ya mwisho: ilikuwa siku ya tisa kwa hesabu yake yenyewe, siku tatu kabla ya mwisho.

Mama aligeuka kwenye mkeka sasa, akanitazama.

"Nesi alimgombeza. Mzee, weka hicho kidude, lala, hao wenye malori watakusubiri. Baba yenu akamwambia, hawa hawana malori, hawa wana ng'ombe. Nesi akanitazama mimi, kama kusema, akili imeanza kuondoka. Na mimi nikadhani hivyo hivyo."

Kisha alicheka. Sikuwa nimemsikia mama akicheka juu ya baba tangu mazishi.

"Kumbe aliyeiua ni mwenyewe! Ikishaingia humu haitoki! Na mimi miaka yote natembea nimeinamisha kichwa mbele ya jua." Alicheka hadi akashika ubavu, kisha akanyamaza ghafla, na nilijua amefika mahali ambapo nami nilikuwa nimefika. Baba aliacha swali moja, na aliliacha kwa mtu mmoja. Yeye mwenyewe asingeweza kumuuliza mkwe wake. Bibi aliishi miaka minne baada ya swali lile kuandikwa, akipukuchua maharage nyuma ya migomba, na mama alimpelekea chakula kila siku mara mbili. Swali lilikuwa kwenye kopo.

"Mama watoto amuulize," mama alisema.

"Ndiyo."

"Soma tena."

Nilisoma tena. Jua lilikuwa limeshaondoka mlangoni na ilibidi niinamishe kioo kuelekea uwanjani.

Tangu siku ile nimefanya niliyoweza. Mjomba, mdogo wa mama anayefuga Biharamulo, amewauliza wazee wa minadani. Mmoja anayafahamu majina yote mawili. Aliwahi kuyasikia kwa baba yake. Kisima cha Nyuki kipo, na siku hizi watu wamelima mpunga karibu yake. Kwa Mfinyanzi ni mbele zaidi, mwendo wa nusu siku kwa ng'ombe, na hakuna mfinyanzi tena, kuna vichuguu na vichaka. Ukitoka Mlima Mgongo unaweza kulala popote kati ya mahali hapo pawili, inategemea ng'ombe walikunywa wapi. Jiwe la mkononi lililolika upande mmoja, alisema mzee yule, linaweza kukaa mahali pake miaka yote hiyo, na linaweza pia kuokotwa na mwanamke yeyote siku yoyote.

Mama amenunua betri mbili mpya. Kompyuta inasafiri naye, amesema, na mimi nisiiguse. Gari tumepata kwa siku mbili, kuanzia Alhamisi ijayo. Mama anaweza kutembea kwenye vichaka asubuhi moja tu, magoti yake hayatampa ya pili, na anataka afike yeye mwenyewe, kwa miguu yake, mahali pamoja.

Dereva amenipigia mara mbili kuuliza tuanzie wapi. Bado sijamjibu.